Mnyama wa Serikali

Wako wenzetu wanaodhani kwamba utamaduni wa taifa ni ngoma na mavazi tu, na kwamba pori na wanyama wake ni shauri la askari wa wanyamapori na watalii. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Siku moja, katika shule moja ya sekondari iliyo karibu na mto Kagera, tuliwaomba wanafunzi watutajie wanyama wa nchi yao. Wakataja simba, tembo na twiga. Wakaitaja na Serengeti, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyepata kuiona. Tukawauliza habari za nzohe. Kimya. Hatimaye kijana mmoja akajibu kwamba huyo ni mnyama wa Serikali.

Jibu hilo halikutuchekesha. Nzohe ni swala wa majimaji, akaaye ndani ya mafunjo ya bonde la Kagera. Kwato zake ni ndefu na zimetanuka, hata aweza kupita juu ya matope ambamo ng'ombe angezama. Akishtuka hujitosa majini akaacha pua tu nje. Wenyeji wa Karagwe walimjua hivyo vizazi kwa vizazi. Mwishoni mwa mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Bweranyange na kukaribishwa kwa ukarimu na Mukama Rumanyika. Speke aliliandika jina la mnyama huyo kama alivyolisikia kwa wenyeji wake. Lakini mwaka 1863, huko London, mnyama akaandikishwa kwa jina la mgeni: *Tragelaphus spekii*. Na ziwa lililokuwa chini ya makao ya Mukama likapewa jina la ziwa la Uingereza, Windermere, ingawa wenyeji, kwa bahati njema, hawakujishughulisha nalo.

Hatugombani na sayansi. Kila mnyama sharti awe na jina ambalo mtaalamu wa Tokyo na wa Nairobi watalielewa sawasawa. Tunagombana na kasumba ya kudhani kwamba elimu ya nzohe ilianza siku Speke alipochovya kalamu yake katika wino. Mwalimu anayefundisha jina la kitaalamu na kuliacha la wenyeji amemfundisha mtoto kwamba babu yake hakujua kitu.

Tutaambiwa kwamba babu huyo naye alikuwa mwindaji. Ni kweli. Wana wa Rumanyika walifuatana na Speke mawindoni, na vichwa vya vifaru aliowaua vilipelekwa kwa Mukama. Hatutaki kuwapamba wazee kwa sifa zisizo zao. Lakini walikuwa pia na miziro: kila ukoo ulikuwa na kiumbe wake usioruhusiwa kumla. Wahinda, ukoo wa watawala wa Karagwe, mwiko wao ulikuwa tumbili, mharibifu mkubwa wa mashamba! Mtu aliyekatazwa mnyama na ukoo wake hakuhitaji askari wa kumlinda mnyama huyo.

Vifaru hao wa Karagwe wako wapi leo? Mwishoni mwa miaka ya 1950 baadhi yao walikamatwa, wakavushwa hadi Rwanda, katika hifadhi ya Akagera iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1934. Huko walizaana, kisha ujangili ukawamaliza. Mwaka 1997 sehemu kubwa ya hifadhi hiyo ilikatwa ili wakimbizi waliorejea wapate ardhi. Mwaka 2017 Rwanda ililazimika kuleta vifaru wengine kutoka Afrika Kusini. Na upande wetu wa mto, mtoto wa Karagwe hamjui kifaru ila kwa picha.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa kuwa hifadhi za taifa: Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Tulifurahi. Lakini Ibanda-Kyerwa ina takriban kilometa za mraba 300 tu, wakati Serengeti ina zaidi ya 14,000. Hifadhi ndogo namna hiyo, yenye vijiji na ng'ombe mlangoni, haiwezi kulindwa kwa bunduki peke yake. Mfugaji anayeswaga ng'ombe wake humo usiku wakati wa kiangazi anaona majani ya Serikali, kama yule kijana alivyoona mnyama wa Serikali. Tusimwite adui kabla hatujajiuliza tulimfundisha nini alipokuwa darasani.

Mwalimu Nyerere alisisitiza tangu 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule isimtenge mtoto na mazingira yake. Basi walimu wa Karagwe na Kyerwa wanangoja nini? Wawatume wanafunzi kwa wazee wakaandike majina ya wanyama, ndege na miti kwa Kinyambo, pamoja na miziro ya kila ukoo, kabla wazee hao hawajatuacha. Daftari hizo zisahihishwe na kupewa alama kama za hesabu. Na mwanafunzi wa kwanza atakayeuliza kwa nini bango la hifadhi lina jina la Rumanyika ajibiwe kwa kipindi kizima, si kwa sentensi moja.