Eti "Tumefungulia Wote"!

Wadau, nimeadimika kidogo hapa kibarazani. Bajeti za wizara zilinikaba, kutwa niko bungeni na kalamu mkononi. Leo nimerudi na hasira zangu, mnivumilie.

Mwezi uliopita nilitaka tiketi ya basi, Dodoma hadi Singida. Kampuni (siitaji, msiniulize) ina programu yake ya simu. Nikajaza jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho. Nikalipa. Hela ikakatwa, tiketi... kimya. Mimi natumia iPhone ya mtumba. Jirani yangu mwenye Android alipata yake dakika mbili tu!

Rafiki yangu mmoja aliyesoma UDOM, pale CIVE, ndiye aliyenifumbua macho. Kumbe programu nyingi hizi ni kurasa za wavuti zilizovalishwa koti kwa vifaa kama Cordova na Capacitor. Ukurasa unakaa ndani ya simu, kwa hiyo unajitambulisha kwa anwani ya kubuni. Capacitor kwenye iPhone husema capacitor://localhost, na kwenye Android, tangu toleo la 6 la mwaka 2024, kwa kawaida husema https://localhost. Seva inatakiwa itaje anwani inazoziruhusu. Isiyotajwa, kivinjari kilichomo ndani ya programu hakiuachii ukurasa usome jibu. Seva ya kuweka nafasi ilikuwa inanijua. Ile ya kutoa tiketi walisahau kuiandikia watu wa iPhone. Mstari mmoja jamani!

Nikapiga simu. Kesho yake kijana wao akanijibu kwa furaha: "Kaka, tayari, tumefungulia wote."

Wote akina nani? Rafiki yangu akachungulia. Seva sasa inarudia anwani yoyote itakayoletewa na kuikaribisha ndani, vidakuzi vya kuingilia vikiwemo. Ukiweka alama ya nyota ya kuruhusu kila mtu, vivinjari vinakataa kuichanganya na vidakuzi, na vinakataa kwa sababu. Hawa wameonywa, wakatafuta uchochoro!

Matokeo yake tuliyaona kwa macho. Niliingia kwenye tovuti yao kwa Chrome, kisha nikafungua ukurasa mtupu alioutengeneza rafiki yangu, kwa ridhaa yangu. Jina langu, namba ya kitambulisho, safari yangu na saa ya kuondoka vikatokea pale. Mimi ni mwandishi wa habari. Kuna watu ambao sitaki wajue nasafiri lini kwenda kuonana na nani.

Mafundi wetu wanalizungumzia zuio hili kama kero ya ofisini, kitu cha kuondoa ili bosi aone kazi imekwisha. Lile ni kufuli langu mimi mtumiaji. Nani kawapa ruhusa ya kulivunja?

Na bado. Ukishalipa, unarudishwa kwenye programu kwa anwani yao ya kujitungia, mfano wa basi://. Mnakumbuka mwaka 2022, anwani za makazi, vibao vya namba milangoni kabla ya sensa? Sasa fikiria kila mtu angejichongea kibao anachotaka, hata chenye namba yako, na serikali ya mtaa isiulize. Ndivyo ilivyo. Programu nyingine yoyote inaweza kujisajili kwa jina lilelile na kupokea kilichokuwa chako. Dawa ipo tangu 2015: viungo vya https ambavyo simu huvithibitisha kwa faili lililowekwa kwenye tovuti ya mwenyewe. Miaka zaidi ya kumi!

Msiniambie hatuna wataalamu. Tunao, wengine wamefundishwa hapa hapa mlimani. Msiniambie hakuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa zangu azilinde. Kuorodhesha anwani tatu kwenye seva ni kazi ya chai ya asubuhi.

Niliwaandikia barua pepe siku kumi na moja zilizopita. Hela yangu wamerudisha. Jana usiku tumejaribu tena, mlango bado uko wazi. Kama kuna mdau anayefanya kazi pale na anasoma hapa, anitafute, nitampa maelezo yote.