Chumvi ya migodi yawaelemea wadudu wa mto Oder

Katika majira ya joto ya mwaka 2022, samaki waliokufa walielea juu ya mto Oder, unaopita mpakani mwa Poland na Ujerumani. Wataalamu wa Umoja wa Ulaya walikadiria uzito wao kuwa tani 360. Waliuawa na sumu ya mwani uitwao Prymnesium parvum, ambao kwa desturi hustawi katika maji yenye chumvi. Mwani huo ulipata makao katika mto wa maji matamu kwa sababu ya ukame na chumvi nyingi inayotiririshwa na viwanda, ikiwemo migodi ya Poland.

Samaki wanaoelea huonekana na wote. Wadudu wanaoishi chini ya mawe hawaonekani, ilhali ndio chakula cha samaki.

Damu ya mdudu wa maji matamu ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka. Hivyo maji humwingia bila kukoma, na chumvi humtoka. Ili aishi, huyatoa maji kwa mkojo na kuinasa chumvi kwa seli maalumu, ambazo kwa wengi zimo katika matamvua. Maji ya mto yanapokolea chumvi, mwili ulioumbwa kuinasa hulazimika kupambana nayo. Nguvu za kukua hutumika katika pambano hilo. Wale wadudu ambao, wakishaota mabawa, huishi siku moja au mbili tu ni miongoni mwa wanaotoweka mapema.

Si wote wanaoshindwa. Viluwiluwi vya aina fulani za mbu hunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi hiyo kupitia sehemu ya mwisho ya utumbo. Kwa hiyo chumvi haiuachi mto mtupu, bali hubadili wakazi wake. Katika mto Werra nchini Ujerumani, uliochafuliwa na migodi ya potashi, mwaka 1957 watu walipandikiza kijidudu jamii ya kamba kutoka Amerika Kaskazini, kwani wa asili hawakuistahimili chumvi.

Poland, Ujerumani na Jamhuri ya Cheki zina tume ya pamoja ya kuulinda mto Oder, kwa mkataba wa mwaka 1996. Mtihani wake sasa ni vibali vya kumwaga chumvi. Kiasi kinachovumilika mto ukijaa huwa sumu maji yakipungua, na anayeyapokea ni jirani aliye chini.