Mshika Mbili

Mwezi huu twapenda kusema machache juu ya kivinjari, yaani ile programu tuifunguayo katika simu au kompyuta ili kusoma yaliyomo katika intaneti. Khasa twataka kukitaja kile kiitwacho Firefox, na malalamiko ya watumiaji wake.

Firefox ilitolewa Novemba 2004 na taasisi ya Mozilla ya Marekani, isiyoundwa kwa kutafuta faida. Wakati huo kompyuta nyingi mno zilikuwa mikononi mwa Internet Explorer ya Microsoft. Firefox ikaja na wepesi, ikayazuia matangazo yarukayo usoni, na kila mtu akaweza kuiongezea programu ndogo ndogo apendazo. Kufikia 2010, katika kila watumiaji 100 wa kompyuta, kiasi cha 30 walikuwa nayo. Leo, tukihesabu kompyuta na simu pamoja, hawafiki 5.

Sababu moja ni Chrome ya Google, iliyotoka 2008 ikiwa na nguvu kubwa ya fedha. Walakini watumiaji wanalo lao la kusema: mwenye chombo huacha hili akashika lile. Mwaka 2013 alitoa simu zenye mfumo wake mwenyewe. Desemba 2015 akatangaza kuziacha. Mwaka 2017 alinunua Pocket, mahali pa kuwekea makala za kusoma baadaye. Julai 2025 akaifunga. Agosti 2020 wafanyakazi kiasi cha 250 waliachishwa kazi. Kisha Desemba 2025 mkuu mpya akatangaza kwamba Firefox itageuzwa kuwa kivinjari cha akili mnemba, na wengi wakauliza: ni nani aliyeyaomba hayo?

Twaona kuwa hasira hiyo si ya kuchukia mambo mapya. Mtu akishapanga kazi zake za kila siku juu ya chombo, huwa amemwamini aliyekitengeneza, naye hutaka kuona kazi ile ya kwanza ikitunzwa kabla ya nyingine kuanzwa. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka.

Hata hivyo, insafu yatutaka tutazame upande wa pili. Sisi tutumiao hatulipi kitu. Sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka kwa Google, ili utafutaji wake uwe wa kwanza ndani ya Firefox. Alishwaye na mshindani wake hawezi kulala usingizi. Hana budi kutafuta riziki penginepo. Ndiyo maana ya kuhangaika huku na huku.

Na jambo hili latuhusu sote. Chrome, Edge, Opera na Brave zote zimejengwa juu ya msingi mmoja, Chromium, ambao mjenzi wake mkuu ni Google. Firefox ni miongoni mwa chache zenye msingi wao wenyewe. Ikianguka, wenye kuamua jinsi intaneti isomwavyo watazidi kupungua.

Basi vijana wetu wasidhani kwamba kulalamika ni kazi bure. Februari 2025 Mozilla ilitoa masharti mapya ya matumizi, watu wakaona yanaipa haki kubwa mno juu ya mambo yao. Baada ya siku chache tu maneno yale yakabadilishwa. Na baada ya makelele ya Desemba, iliahidi kuweka swichi ya kuzima akili mnemba yote kwa mara moja. Lalamikeni, lakini kwa adabu na kwa hoja. Tena wekeni nakala ya anwani na maneno ya siri mliyoyahifadhi humo, ili siku ya kuhama msihame mikono mitupu.

Nasi tulioshika kazi za watu, fundi na cherehani yake, mwenye duka na mizani yake, mwalimu na wanafunzi wake, tujiulize: lile lililowaleta watu mlangoni petu hapo mwanzo, je, bado twalitenda vyema?