Kabla ya akili unde, tarafa zibandike bei ukutani

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, serikali za Afrika zimekuwa mbioni kuandika sera za akili unde. Rwanda ilipitisha sera yake Aprili 2023, Umoja wa Afrika ukaridhia mkakati wa bara zima Julai 2024, na Kenya ikazindua wa kwake Machi 2025. Hizo ni nyaraka za miji mikuu. Mfanyabiashara anayetoka Giteranyi na magunia ya maharage kuelekea Tanzania hakutani na waziri. Anakutana na karani wa tarafa, mtoza ushuru wa soko na ofisa wa mpakani. Linalomhusu ni kama ofisi hizo za chini ziko tayari kuikabidhi sehemu ya kazi zao mashine inayotunga maandishi.

Kwa Burundi, jambo hili haliko mbali. Mageuzi ya utawala yaliyoanza kutekelezwa baada ya uchaguzi wa Juni 2025 yamepunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na tarafa, au komine kama Warundi wanavyoziita, kutoka 119 hadi 42. Muyinga, iliyokuwa mkoa unaojitegemea, imeunganishwa na Cankuzo na Ruyigi kuwa Mkoa wa Buhumuza. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 12, tarafa moja sasa inahudumia wastani wa watu karibu 300,000. Musitanteri ana vilima vingi zaidi vya kusimamia, madaftari ya tarafa za zamani ya kuunganisha, na foleni ndefu zaidi mlangoni. Mashine inayoandika barua, kufupisha mihtasari ya vikao na kujibu maswali ya raia usiku na mchana itaonekana kama mkombozi.

Ni kweli inaweza kusaidia, hasa katika lugha. Barua nyingi za serikali ya Burundi huandikwa kwa Kifaransa, kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki huandikwa kwa Kiingereza, raia wa Giteranyi huzungumza Kirundi, na biashara ya mpakani huendeshwa kwa Kiswahili. Karani mmoja hawezi kuzimudu lugha zote nne kwa kiwango kimoja. Mashine ikimpa rasimu ya tafsiri, naye akaikagua na kuisahihisha, tangazo lililokuwa likichukua wiki linaweza kutoka siku hiyo hiyo.

Lakini mfanyabiashara anapaswa kujua jinsi mashine hii inavyofanya kazi. Imejifunza kutoka kwenye maandishi mengi mno, na inapoulizwa hupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Pale ambapo haikupata maandishi sahihi, mara nyingi hainyamazi. Hutunga jibu, na hulitoa kwa lugha ile ile yenye uhakika inayotumia inaposema kweli.

Jiji la New York, lenye fedha na wataalamu wa kila aina, lilijifunza hayo hadharani. Oktoba 2023 lilizindua mashine ya kujibu maswali ya wafanyabiashara. Machi 2024 waandishi wa chombo cha habari cha The Markup waliijaribu, wakakuta inawaambia wenye maduka kwamba wanaweza kukataa fedha taslimu, ilhali sheria ya jiji inakataza, na kwamba mwajiri anaweza kujikatia sehemu ya bahashishi ya mfanyakazi wake. Nchini Brazil, baraza la jiji la Porto Alegre lilipitisha mwaka 2023 sheria ndogo kuhusu mita za maji zinazoibwa. Baadaye ndipo diwani aliyeiwasilisha akafichua kwamba iliandikwa na ChatGPT. Wenzake walikuwa wameipigia kura bila kujua.

Sasa jibu la namna hiyo lihamishiwe njia ya Kobero na Kabanga. Chini ya utaratibu wa Jumuiya wa biashara ndogo, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zilizoorodheshwa na zilizotokana na nchi wanachama, hupata cheti rahisi cha uasili na kusamehewa ushuru wa forodha. Msamaha huo hauondoi kodi nyingine wala ukaguzi wa afya ya mimea. Mashine ikimwambia mama mwenye magunia matano kwamba cheti hicho kinamaliza kila kitu, atafika mpakani bila karatasi ya mimea. Mzigo utazuiwa, gari la kukodi litadai siku ya pili, na mtaji utakuwa umeliwa kabla gunia la kwanza halijauzwa.

Ndiyo maana utayari wa tarafa haupimwi kwa idadi ya kompyuta zake. Unapimwa ukutani mwake. Je, bei ya ushuru wa soko imeandikwa? Je, karatasi zinazohitajika zimeorodheshwa, pamoja na tarehe ya tangazo na jina la ofisi inayowajibika? Ofisi ambayo viwango vyake vimo kichwani mwa mtoza ushuru haina cha kuifundisha mashine, na mashine itajaza pengo hilo kwa kubuni. Upande wa Tanzania, tangu 2017 malipo ya serikali yamekuwa yakiingizwa katika mfumo mmoja wenye namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroli namba. Mlipaji huona kiasi na anayelipwa kabla ya kutoa fedha. Mashine ikiwekwa juu ya msingi kama huo ina kitu cha kweli cha kurudia.

Kuna pia suala la umeme na simu. Takwimu za Benki ya Dunia zinaonyesha kwamba karibu Mrundi 1 kati ya 10 ndiye anayefikiwa na umeme. Huduma inayotaka simu janja na intaneti itawafikia wachache. Rwanda ilionyesha njia nyingine wakati wa janga la korona, pale huduma ya Mbaza ilipowapa wananchi taarifa kwa Kinyarwanda hata kwenye simu ya kitochi, kwa kubonyeza namba tu. Kinyarwanda pia kimekusanyiwa zaidi ya saa 2,000 za sauti katika mradi wa Common Voice. Kirundi ni ndugu yake wa karibu, lakini bado hakijapata hazina ya kiasi hicho, na hatari ni kwamba mashine itamjibu Mrundi kwa maneno ya jirani.

Wapo watakaosema kwamba kusubiri ni kuachwa nyuma. Hoja hiyo ina uzito, ila hakuna anayelazimika kusubiri. Orodha ya bei na karatasi kwa Kirundi na Kiswahili inahitaji karatasi, wino na sahihi. Inaweza kubandikwa mwezi huu, na itamfaa mfanyabiashara hata kama mashine haitakuja kamwe.

Tarafa itakayotaka kwenda mbele iweke masharti matatu. Kwanza, mashine itumike kuandaa rasimu, na kila tangazo litoke kwa sahihi ya ofisa anayejulikana. Pili, karani asiingize katika programu za kigeni kitambulisho, namba ya simu wala thamani ya mzigo wa mtu. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022, na mfanyabiashara wa Giteranyi anastahili ulinzi ule ule anapovuka na anaporudi. Tatu, aliyefuata jibu lililotolewa na mashine ya ofisi ya umma asitozwe faini kwa kosa la jibu hilo. Hasara iwe ya ofisi iliyoiweka mashine mlangoni mwake.

Sharti hilo la tatu ndilo litakalopingwa zaidi, na wizara zilizoko Gitega na Bujumbura, pamoja na Jumuiya yenyewe, zinapaswa kulisimamia. Ofisi inayoogopa kulipa kwa kosa la mashine yake bado haijawa tayari kuitumia. Hadi itakapokuwa tayari, ibandike bei ukutani, na yule mama asome kabla hajapakia magunia yake.