Umeambiwa Una Maji Kwenye Nyonga?



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja alitufuata nyuma ya kanisa. Mkononi alikuwa na karatasi ya ultrasaundi aliyoikunja mpaka ikawa ndogo kama stempu. "Dada nesi," alisema kwa sauti ya chini, "wameniambia nina maji kwenye nyonga." Alikuwa amekwisha kununua dawa ya kuyakausha mara mbili, kwa fedha za ada ya mtoto, na maumivu yalikuwa palepale. Ametupa ruhusa tuandike habari zake bila jina, maana anajua hayuko peke yake.

Kwanza tuelewane: maji kwenye nyonga si jina la ugonjwa. Ni kitu alichokiona mpimaji katika picha, basi. Nyuma ya mfuko wa uzazi kuna kibonde kidogo, ambacho madaktari hukiita kwa jina la James Douglas, daktari wa Uskoti aliyefariki mwaka 1742. (Hata humo ndani wanaume wametutangulia kuweka majina!) Mwanamke anaposimama, hapo ndipo mahali pa chini kabisa tumboni, hivyo chochote kinachovuja hutiririka na kutua hapo. Kwa hiyo usimwulize daktari utayakaushaje. Mwulize ni maji gani, na yametoka wapi.

Mara nyingi jibu halitishi. Kila mwezi yai linapotoka, kifuko chake hupasuka na kumwaga maji kidogo. Kama bado unaona siku zako, huna maumivu wala homa, na picha inasema maji ni kidogo, kwa kawaida huhitaji dawa yoyote. Mwili huyanyonya wenyewe. Uvimbe wa maji kwenye ovari nao ukipasuka huleta maumivu ya ghafla, lakini wengi hupona kwa dawa za maumivu na kuangaliwa kwa karibu, ila tu kama damu inaendelea kuvuja.

Lakini yapo "maji" ambayo ni damu. Mama aliyepitisha siku zake, kisha akaumwa tumbo la chini, akaona matone ya damu, akasikia kizunguzungu au maumivu kwenye ncha ya bega, asingoje kupambazuke. Mimba inaweza kuwa imetunga ndani ya mrija. Hata aliyefunga kizazi au anayetumia kitanzi asijihesabu yuko salama kabisa. Akiwahi kabla mrija haujapasuka, huenda akatibiwa kwa dawa. Ukipasuka, ni upasuaji wa haraka na pengine kuongezewa damu. Tumewapokea wengine viganja vikiwa vyeupe, na ndugu waliowaleta wakisema ni chango tu.

Na wewe uliyekwisha kukoma hedhi, maji yakionekana, hata kama huumwi, usiyapuuze. Tumbo likivimba na nguo zikibana huku mwili unakonda, omba uchunguzwe ovari, ini na kifua kikuu cha tumbo.

Turudi kwa mama yetu. Kipimo cha mimba kilionyesha hana. Alikuwa na uchafu wenye harufu, homa za jioni, na maumivu wakati wa tendo la ndoa, jambo ambalo hakumwambia mpimaji kwa kuwa hakuulizwa. Haya yalikuwa maambukizo ya mfuko wa uzazi na mirija. Vijidudu hupanda kutoka chini: vya kisonono, vya klamidia, na vingine ambavyo havihusiani na zinaa, hasa baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Yakiachwa, mirija huziba, na aliyekuwa akitafuta mtoto wa pili hutafuta miaka mingi.

Tiba yake ni antibiotiki, kwa kawaida sindano ya seftriaksoni pamoja na vidonge vya aina mbili kwa siku 14. Dozi hatuziandiki hapa kwa makusudi, msije mkaenda nazo dukani. Tena kimojawapo cha vidonge hivyo hakimfai mjamzito. Siku ya tatu maumivu hupungua, na hapo ndipo wengi wetu huviweka vilivyobaki kabatini. Vimalize. Usaha ukiwa umejikusanya, hulazwa mtu, na pengine ukatolewa.

Halafu mume naye atibiwe, hata kama hasikii lolote, na msikutane mpaka wote mmemaliza dawa.

"Dada, hilo siwezi kumwambia," alisema, na machozi yakamtoka. Aliogopa atafukuzwa, au atagundua jambo asilotaka kulijua. Hatukumwambia asiogope, kwa maana tunaijua mitaa yetu. Tulimweleza kwamba klamidia hukaa kimya mwilini kwa muda mrefu, kwa mwanamume na kwa mwanamke, wala hakuna karatasi inayosema nani alimletea nani. Tukamwambia, "Nenda umwambie hivi tu: nesi anatuita wote wawili."

Ilipita wiki nzima. Alhamisi mume alikuja, amenuna, akakaa mwisho wa benchi mbali na mkewe. Tulizungumza naye peke yake, mlango umefungwa, karibu nusu saa. Alipokea sindano yake, akachukua vidonge. Akiwa anatoka aliuliza kama ile dawa ya kukausha maji inaweza kurudishwa dukani.