Kifurushi cha jero: unabana nini?

Wadau, Korogwe na Handeni wimbo ni mmoja: "Najiunga cha jero, nabana matumizi." Unabana nini? Jero kila siku kwa siku 30 ni Sh15,000, na muda ukiisha dakika ulizobakiza zinayeyuka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha nani?

Tangu Machi 2017 unaruhusiwa kuhama mtandao na namba yako ileile. Mtandao ukijua huhami, utakubembeleza kwa lipi? Aprili 2021 wananchi walipiga kelele, bei mpya za vifurushi zikasitishwa. Kelele zinalipa!

Ila kijiji chenye mnara mmoja kitahamia wapi? Hapo msimwambie mkulima abane matumizi. Dai minara kwanza. Mnasemaje?