MAFUTA YA DIFU NA KALAMU YA KARANI

Twaomba nafasi katika kurasa hizi tuseme jambo ambalo kwa sura yake ni la fundi na dereva, walakini mwisho wake huangukia meza ya karani. Nalo ni mafuta yatiwayo ndani ya gia boksi, transfa na difu za motokaa zinazotumika katika wilaya za Tarime na Serengeti.

Kila mwaka wa fedha unapoanza, hoja hii hurudi. Wako wenzetu wasemao kwamba yafaa kununua mafuta ya sintetiki peke yake, kwa kuwa ni bora na hudumu siku nyingi. Wako wengine wasemao kwamba mafuta ya madini yalitosha tangu zamani, na kilichotosha hakina haja ya kubadilishwa. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya bei na jina la mafuta, na huku maji ya vijito yanaingia ndani ya difu bila kubishana na mtu.

Tuanze na maana. Mafuta ya madini husafishwa kutoka yale yachimbwayo ardhini. Ya sintetiki huundwa kiwandani kwa ustadi wa kemia, hata chembe zake zikalingana. Kwa sababu hiyo hayagandi upesi katika baridi, hayawi mepesi mno katika joto, tena huchelewa kuharibika. Sifa hizi ni za kweli, wala hatuzikatai. Swali ni hili: katika sifa hizo, ni ipi itakayotufaa sisi?

Kwa habari ya baridi, mafuta yaandikwayo 75W hupimwa katika digrii 40 za Sentigredi chini ya sifuri. Ya 80W katika digrii 26 chini ya sifuri. Na ya 85W katika 12. Asubuhi ya Tarime hutaka koti, lakini haina habari ya baridi ya namna hiyo. Basi alipaye bei ya juu kwa ajili ya baridi, amelipia kitu asichokitumia.

Kwa habari ya kudumu, mafuta hudumu yakibaki safi. Nani katika sisi asiyejua masika ya huku? Udongo mweusi wa mbuga hushika magurudumu kama ugali wa moto, na vijito viendavyo Mto Mara na Mto Grumeti hufurika. Difu iliyopata moto ikizamishwa ghafula katika maji baridi, hewa iliyomo husinyaa, ikavuta maji kwa tundu la kupumulia au kwa sili iliyochakaa. Maji yakiisha kuingia, mafuta hugeuka rangi ya chai ya maziwa, beringi hushika kutu, na meno ya gia huanza kulika. Hapo sintetiki na madini ni ndugu. Yote mawili yamekwisha kazi.

Haya tuliyaona kwa macho yetu. Motokaa ya ofisi moja ilitiwa sintetiki ya bei kubwa, ikavuka vijito masika nzima. Hapana aliyefungua difu, kwa sababu kitabu kilionyesha kwamba kilomita za kubadili mafuta hazijatimia. Difu ilivunjika njiani, motokaa ikiwa imebeba chanjo za watoto. Barafu iliyeyuka ndani ya masanduku, na akina mama waliokuwa wakingoja tangu alfajiri walirudi makwao na watoto wao mgongoni. Dereva alilaumiwa sana. Lakini twakiri kwamba kitabu kile kilikuwa mezani petu, wala hatukumwuliza hata siku moja kama alipita majini.

Jambo la pili ni daraja la mafuta, ambalo ni kubwa kuliko asili yake. Mwaka 1926 kampuni ya Packard ya Marekani ilianza kutia katika difu zake gia ziitwazo haipoidi, ambazo meno yake husuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mzito. Gia hizo huhitaji mafuta yenye dawa nyingi ya kuzuia chuma kisilane na chuma, nayo siku hizi huandikwa GL-5. Lakini dawa hiyo ina salfa, na katika baadhi ya mafuta hudhuru pete za shaba za gia boksi. Ndiyo maana gia boksi nyingi huagiziwa GL-4. Kwa hiyo vocha isemayo “mafuta ya gia, lita 10” na kunyamaza, ni vocha yenye kosa. Karani aandike daraja, uzito, na mahali yatakapotiwa, kama kitabu cha motokaa ile kinavyoagiza.

Basi shauri letu ni hili. Pale ambapo mtengenezaji ameagiza sintetiki, yanunuliwe hayo bila kubishana. Kadhalika motokaa ivutayo mizigo mizito safari ndefu za lami, nayo haiingii majini, itafaidi sintetiki. Lakini motokaa za vijijini, ambazo kitabu chake chakubali mafuta ya madini, zitiwe hayo, ya daraja lililoagizwa, na yabadilishwe mara kwa mara. Difu ya Land Cruiser huchukua lita 3 hivi. Mafuta ya bei nafuu fundi huyamwaga bila kusita akiona maji, mafuta ya bei kubwa humfanya mkubwa wa ofisi aseme, “Yaache kwanza.” Neno hilo ndilo livunjalo difu.

Tena yapasa mambo manne yafanyike. Kwanza, kitabu cha safari kiwe na safu ambamo dereva ataandika kila siku aliyopita maji yaliyofika kwenye ekseli. Pili, motokaa hiyo ikaguliwe kabla ya safari nyingine ndefu. Na fundi afungue nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, asije akamwaga mafuta kisha akashindwa kutia mengine. Tatu, tundu la kupumulia liunganishwe na mpira uliopandishwa juu, mahali maji yasipofika. Nne, mafuta machafu yawekwe katika pipa, yasimwagwe mtaroni, maana maji ya mitaro yetu huishia Ziwa Victoria.

Atatokea mwenzetu atakayesema kwamba kubadili mara nyingi ni gharama. Ni kweli, ni gharama. Lakini na aweke upande mmoja lita 3 za mafuta, na upande wa pili bei ya krauni, pinioni na beringi, pamoja na siku ambazo motokaa italala ikingoja vipuri. Kisha apige hesabu mwenyewe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa huu, mabwana, huonekana kwanza katika kitabu kilicho mezani petu.

Twakoma hapa. Mwenye maoni mengine na ayalete, tuyapime.